Uso Ule Mwingine

Kila nikipiga viatu vya shule polishi, harufu yake hunirudisha Wamunyu, kijiji cha wachongaji, kwa babu, akisugua kinyago kwa polishi hiyo hiyo mpaka king'ae kama kipara cha mwalimu wetu wa hesabu.

Jirani yake alikuwa Mwingereza mzee, mchoraji na mshairi. Kwao picha zake zilitundikwa kwenye majumba makubwa na mashairi yake yalisomwa. Kwetu alijulikana kwa kukimbizwa na bata mzinga wa nyanya. Kisha macho yake yakafa, akawa kipofu.

"Mzee," akamwambia babu, "uso wa marehemu mke wangu unanipotea kichwani."

Picha ya mkewe, aliyoichora mwenyewe zamani, ilikuwa pale pale ukutani kwake. Babu akaishusha, akaitazama siku kadhaa, akauchonga uso ule kwenye kipande cha jakaranda.

Mwingereza akaupapasa polepole.

"Pua umeiongeza, mzee."

"Hiyo ya ziada ni bure."

Mimi niliyekuwa kando ya babu nikaangua kicheko. Vidole vya Mwingereza vikafika kwenye mdomo wa kinyago, vikasimama.

"Mbona anacheka?"

"Ndivyo ulivyomchora."

"Mimi nilikuwa nimebaki na uso wake wa siku za mwisho hospitalini tu," akasema, na hakuuachilia hata chai ilipoletwa.