Meno Mawili ya Chini

Hadi leo nikinusa karafuu, hata kama ni za pilau ya arusi, ulimi wangu hukimbilia meno ya mbele ya chini kuhakikisha yapo. Usinicheke. Sikiliza kwanza.

Nilikuwa darasa la pili, tukikaa mtaa wa Shieywe, meno yangu mapya ya chini yalipoota nyuma ya yale ya utoto. Ya zamani yakakataa katakata kutoka. Nikawa na safu mbili kama mamba, na watoto wa ploti hawakuninyima jina hilo. Mama akaulizia daktari wa meno kila mahali. Jirani mmoja akamtajia mzee wa sokoni mwenye koleo. Mama akamwambia aanze yeye. Hatimaye mwenzake wa kanisani akamwelekeza kwenye kliniki moja mjini, ghorofani juu ya duka la vitambaa.

Jioni hiyo nilimsikia akimwambia Kukhu, nyanya yangu, "Yatatolewa mawili ya chini."

Moyo ulinipasuka paa! Kukhu alikuwa na pengo papo hapo, la meno mawili ya chini. Yaling'olewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya watu wetu zamani, na aliwahi kutusimulia jinsi shangazi zake walivyomshika kichwa. Alisimulia akicheka, lakini kila akicheka aliziba mdomo kwa kiganja.

Basi nikajua zamu yangu imefika. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, na obusuma, ugali wa jioni, sikugusa, mimi niliyezoea kukwangua sufuria. Kilichonimaliza kabisa ni asubuhi, Kukhu alipojifunga leso na kusema, "Na mimi naenda." Wa kunishika kichwa ndiye huyo!

Kliniki ilinuka mafuta ya karafuu ya kutuliza meno tangu kwenye ngazi. Nikalazwa kwenye kiti, taa ikaniwakia usoni, Mama akabaki mlangoni, na Kukhu akaja kusimama nyuma yangu. Weh! Nilifumba macho. Mikono yake ikatua mabegani mwangu. Nikasubiri ipande kichwani.

"Daktari, ngoja," akasema. "Hiyo meno unataka kutoa, umeuliza mwenyewe?"

Daktari, mwanamke wa makamo, akacheka kidogo. "Kukhu, huyu si ni mtoto tu?"

"Hata mimi nilikuwa mtoto. Sisi hatukuulizwanga."

Kicheko kikaisha. Daktari akaweka koleo lake chini, akanipa kioo. "Ona. Haya ya mbele ni ya utoto, yamekwama. Ya kudumu ni haya ya nyuma, hayo siyagusi. Tukiondoa yanayoziba njia, ulimi wako utayasukuma mbele pole pole. Nitoe?"

Nilimtazama Kukhu. Hakunijibia. Nikasema ndiyo, kwa sauti ya kifaranga.

Sindano iliuma, nisikudanganye. Yale ya nyuma yakasogea mbele kweli, ingawa moja limekaa upande mpaka leo.

Lakini pale kitini nilihisi mikono ya Kukhu ikitetemeka mabegani mwangu, nikadhani ni uzee. Juzi nimempeleka binti yangu kwa daktari wa meno, nikasimama nyuma ya kiti, karafuu zikinijaa puani, na mikono yangu ikaanza kutetemeka vile vile. Maskini Kukhu. Aliogopa kiti kile kuliko mimi, na bado alipanda zile ngazi.