Kufuli la Mgeni Rasmi

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana uliirudisha. Uliniamkia vizuri, ukaketi, ukanisomea ratiba yako ya uzinduzi wa madarasa. Nilifumba macho, ukadhani nimesinzia. Nilikuwa nazuia hasira. Hafla kabambe, tafrija, shamrashamra, tamasha la aina yake: maneno yote hayo niliwahi kuyaandika kwa mkono wangu, hapa hapa Issuna, nikiwa na umri kama wako. Nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi, kama wewe.

Tulikuwa tumechimbiwa kisima cha pampu, cha kwanza kijijini. Mafundi walipomaliza walikijaribu mbele yetu. Maji yalitoka meupe, baridi, yakatiririka hadi barabarani. Wanawake wakakimbilia ndoo. Mwenyekiti wa kamati akawazuia, akasema kisima hakijazinduliwa, mgeni rasmi atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mpini ukafungwa mnyororo, mnyororo ukatiwa kufuli, na ufunguo nikapewa mimi. Niliuvaa shingoni kwa uzi. Nilitembea kifua mbele, wasichana wauone.

Ilikuwa kiangazi, na unajua mto wetu wakati huo huwa mchanga mtupu. Mtu anachimba shimo, anaingia ndani, anasubiri maji yajikusanye, anachota kidogo kidogo kwa kibuyu. Wanawake waliendelea hivyo, wakienda na kurudi huku wakipita mbele ya kisima kipya. Sisi tulikaa kivulini kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, tukibishana kama kwenye barua za mwaliko tuandike sherehe kubwa au sherehe ya kihistoria. Mabishano hayo yalichukua asubuhi nzima.

Siku ya nne alikuja shangazi Zena, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua juzi yake. Shangazi aliweka ndoo chini akanishika mkono.

"Baba, nifungulie hii moja tu. Nina mzazi ndani."

"Shangazi, vumilia hadi Jumamosi. Mgeni rasmi ndiye anayefungua."

"Kwani huyo mgeni ana kiu kutushinda?"

Wenzangu wakacheka. Niliona aibu, na aibu ikanitia kiburi. Nikamwambia utaratibu ni utaratibu, na kama nikimfungulia yeye itabidi niwafungulie wote. Fikiria, mwanangu. Nililitaja hilo kama jambo baya. Shangazi aliutazama ufunguo shingoni kwangu, akajitwisha ndoo yake tupu, akateremka mtoni.

Mchanga ulimbomokea akiwa ndani ya shimo. Wanawake wenzake walimfukua kwa mikono, wakamleta kwa mkokoteni wa punda, mguu umevunjika chini ya goti. Mzee mmoja anayejua mifupa alimfunga vijiti. Na hata hapo sikufungua kufuli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimbeba shangazi kumwingiza ndani, ufunguo ukining'inia juu ya uso wake, kisha nikarudi kwenye kamati kwa sababu turubai zilikuwa hazijafika.

Jumamosi ikaja. Kulikuwa na spika, matarumbeta, karatasi za rangi kwenye miti, kikundi cha ngoma kilichofanya mazoezi wiki nzima ya kuimba asante kwa maji ambayo wachezaji hawajayaonja. Pilau ya sherehe ya kisima ilipikwa kwa maji ya mtoni. Punda walishuka mara tatu kuyafuata, kwa sababu nilikataa kisima kiguswe kabla ya mgeni, na hakuna aliyeona kichekesho hicho. Mgeni alichelewa. Alipofika alikata utepe, akapampu mara tatu kwa ajili ya kamera, akanywa soda, akaondoka. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma.

Alasiri nilimpelekea shangazi ndoo iliyojaa. Nikaanza kumsimulia jinsi shughuli ilivyofana. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Mgeni wenu ameondoka?"

"Ameondoka, shangazi."

"Basi sasa wenye kisima tunaruhusiwa kunywa."

Kikombe cha kwanza alimpa mzazi. Wewe ulimkuta shangazi akiwa bibi kizee anayechechemea, na wewe na wenzako mlizoea kumwigiza mkicheza. Sikuwakataza, kwa kuwa ningelazimika kueleza.

Leo nimeeleza. Sasa nawe unaniambia madarasa yamekwisha, rangi imekauka, madawati yamo ndani, na watoto wa darasa la kwanza bado wanasoma nje, kwenye upepo huu wa Singida unaowajaza vumbi machoni. Wiki ya tatu, kisa mkubwa mmoja hajapata nafasi ya kuja kukata utepe. Mnakodi spika, mnashona sare za kamati, na mtoto anaandika juu ya goti lake mbele ya mlango uliofungwa, ambao ufunguo wake unao wewe. Jambo hili liite jina lolote zuri unalolijua. Mimi nimeliona likivunja mguu wa mtu.

Nasaha yangu ni hii. Sherehe ifanyeni, imbeni, chinjeni kuku, sijakataza furaha. Lakini kitu kikishakuwa tayari, mwenye shida nacho akitumie siku hiyo hiyo. Usimfanye asubiri ili mtu mwingine apigwe picha. Na ukikabidhiwa ufunguo, jiulize nani yuko nje. Kesho asubuhi kengele ikilia, nenda ukafungue. Kamati wakikasirika, waambie mzee amekutuma, waje kwangu. Mgeni rasmi akifika, akute sakafu imeshachafuliwa na miguu ya watoto.

Mungu akupe moyo wa kufungua mapema, mwanangu, na asikuonyeshe uso niliouona mimi siku ile juu ya mkokoteni. Nenda na amani. Ufunguo usiusahau.