Beri za Hilkka na Mayai Sitini

Wifi yangu Hilkka Tossavainen alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga kabla maabara ya kwetu Savo, huku Ufini, haijamchukua. Walimtaka kwa mikono yake. Akiinua yai mbele ya taa anakwambia kama kifaranga yu hai, na akikata kidirisha kwenye ganda, kifaranga hashtuki. Mimi nilikuwa naosha vyombo chumba cha pili, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaweka kipande kidogo cha uvimbe wa saratani ndani ya kile kidirisha, juu ya utando wa yai. Uvimbe ni mlafi. Siku mbili tatu tu unajivutia mishipa ya damu ili upate kula. Daktari Birgitta Sandell, aliyetoka Helsinki, alitaka kujua kama maji yaliyokamuliwa kwenye beri za buluu za msituni yanaweza kuizuia mishipa hiyo isiote. Ni kwenye mayai tu. Ya binadamu yalikuwa mbali.

Agosti ile Hilkka alileta ndoo ya beri zake mwenyewe, na mishipa ikagoma kuota. Tukapongezana kwa kahawa na mkate wa iliki. Daktari akarudia kwa beri za sokoni, ikaota. Akarudia tena, ikaota vilevile. Basi akasema mbele yetu sote kwamba labda ile mara ya kwanza Hilkka aliyaacha mayai yakapoa, ndiyo mishipa ikagoma, na kwamba jibu lisipopatikana kufikia mwisho wa Septemba, atatafuta mtu mwingine wa mayai.

Niliona shingo ya Hilkka ikiwa nyekundu. Hajawahi kuua kifaranga kwa uzembe maishani mwake, leo anaambiwa hivyo na mtu asiyejua hata kuchemsha yai. Nilikasirika mpaka nikavunja chupa mbili.

"Zile za kwanza ulizichuma wapi?" Daktari akamwuliza.

"Msituni."

"Msitu gani?"

"Ule wenye miti."

Pentti, mtunza stoo, akakohoa ili asicheke. Kwetu mtu hasemi anakochuma. Mwulize mshahara, mwulize maradhi yake, atakujibu, lakini si hilo. Hilkka alirithishwa mahali pake na mama yake. Kaka yangu Veikko alimwoa, akaishi naye miaka ishirini na sita, akafa bila kupajua, wala hakununa, maana naye alikuwa na pake. Mimi nilimnyatia mara mbili. Mara ya pili alinizungusha kwenye kinamasi hadi nikapoteza kiatu.

"Nitachuma tena kabla msimu haujaisha," Hilkka akasema. "Pentti aziandike namba chupa zote: za beri zangu, za sokoni, na za maji matupu. Mimi nisijue ipi ni ipi. Nitahesabu mishipa, halafu tutaona nani anaharibu mayai."

"Na ukishindwa?"

"Nitaondoka mwenyewe. Hutahitaji kunifukuza."

Mayai yalikuwa sitini, ishirini kwa kila aina ya chupa. Siku zote zile hakuzungumza na mtu isipokuwa mayai yenyewe. Mimi nilikosa usingizi kwa niaba yake; ana miaka hamsini na minane, nani atamwajiri akishaitwa mzembe?

Siku ya kuhesabu aliinama kwenye hadubini tangu asubuhi hadi saa nane, akitaja namba ya yai na idadi ya mishipa, na mmoja wa wasichana wawili wa hadubini akiandika. Kisha Pentti akafungua bahasha aliyofungia siri ya namba zake. Kulikuwa na mayai ishirini yenye mishipa michache kuliko mengine. Akayasoma moja moja. Kumi na nane yalikuwa yametiwa maji ya beri za Hilkka.

Nililia. Sioni aibu kusema.

Daktari akasimama. "Hilkka, nilikukosea. Mikono yako haina kasoro. Nisamehe."

"Umesema mbele yao," Hilkka akajibu. "Yamekwisha."

Ila hayakuwa yamekwisha. Daktari akatandaza ramani mezani, safari hii kwa upole. "Nisipoandika mahali ulipochuma, hakuna atakayeweza kuirudia kazi hii. Itabaki kuwa hadithi yako na yangu."

Hilkka alikuwa ameshashinda. Angeweza kuvaa koti akaenda zake, jina safi na siri yake mfukoni. Akanywa kahawa taratibu hadi ikaisha.

"Mgeni akichuma hapo, mayai akayapasua mwingine, wakapata haya haya?"

"Basi itajulikana kuwa ni beri."

"Lete kalamu."

Pentti akageukia ukuta. Wale wasichana wawili wa hadubini wakageuka, na mzee wa usafi akaegemea ufagio wake, akaigeuzia meza mgongo. Hakuna aliyetuambia. Mimi nikakodolea macho magari nje ya dirisha, shingo ikiniuma kwa kuizuia. Tulisikia kalamu ikikwaruza. Daktari peke yake ndiye aliyebaki akitushangaa.

"Wifi, geuka bwana," Hilkka akasema, na nilisikia anacheka. "Mwakani itachapishwa, dunia nzima isome."

"Umeshaikunja ramani?"

"Bado."

"Basi nitangoja."