Motari wa Gisenyi ajifunza kuruka, akosa pa kwenda

Saa moja asubuhi, ufukweni Gisenyi. Habiyaremye Hamdani anafunga jaketi la kuokolea, anasema bismillahi, kisha anapanda chombo ambacho hadi leo hajui akiiteje. Wenzake wanakiita helikopta. Mama yake mzazi anakiita "kile kitu".

Ni kidege cha umeme cha mtu mmoja, chenye mapanga manane na maboya mawili ya kutulia majini. Hakina mlango wala dirisha. Kinaongozwa kwa kijiti kimoja, na ukikiachia kijiti, kidege kinasimama hewani palepale.

Hamdani ana umri wa miaka thelathini na sita, na kwa miaka kumi na miwili amekuwa motari, yaani dereva wa pikipiki za abiria. Kampuni iliyokodi ufukwe huu inasema mtu yeyote wa kawaida anaweza kujifunza kuruka. Ili kuthibitisha hilo, ikachukua fundi cherehani mmoja, mkulima wa viazi kutoka Bugeshi, na yeye. Atakayefaulu ataajiriwa kufundisha wengine.

"Mi nilizani ni taxi ya juu," anasema Hamdani. "Nikauliza, mukiliya, ule wa kubebwa, atakaa wapi? Wakacheka. Kiti iko moja tu. Donc, mi nabeba nani?"

Nami nilimpelekea msemaji wa kampuni swali hilohilo. Nikatoka na maneno mengi, jibu sikuliona.

Mchezo huu una gharama. Siku nzuri barabarani Hamdani hurudi nyumbani na faranga elfu nane, mafuta yakishatolewa. Sasa Juvénal, mwenyekiti wa kituo chao cha pikipiki, amemwekea mpaka.

"Mutu hawezi kalia viti mbili," anasema Juvénal. "Mwezi ikiisha hajarudi, nafasi yake inaenda kwa mwingine. Watu wanangoja."

Mshika mbili moja humponyoka, na Hamdani anaogopa zitamponyoka zote mbili. "Nikikosa huku na kule, mi niko nani?" ananiuliza, kana kwamba mimi ndiye ninayejua.

Mtihani wa kwanza, wiki iliyopita, alifeli kwa namna ambayo motari tu angeweza. Alipoanza kushuka, akazima umeme.

"Nilimwona kwa macho yangu, ametulia kabisa," anasema mwalimu wake, Diane Kayitesi, aliyekulia Bukoba. "Nikapiga kelele redioni: kaka Hamdani, huko hakuna barabara!" Bahati nzuri kidege kina akili yake. Kiliwasha umeme chenyewe, kikamshusha majini taratibu.

"Mukono ilifanya yenyewe," anajitetea Hamdani. "Kutoka Kanzenze kuteremuka hapa mujini, motari anazima moteri, anaacha pikipiki inashuka yenyewe. Essence, ile mafuta, inabaki. Ni zoea, madame."

Leo ni mara ya pili, na kanuni inaruhusu tatu tu. Maji yanatibuka, kidege kinainuka. Kinazunguka boya la kwanza la alama ziwani, kinazunguka la pili, kinashuka umeme ukiwaka hadi mwisho. Wanawake wanaoelekea mpaka wa Goma na mabeseni yao wanasimama kushangilia, nasi wengine tunapiga makofi kama tuko harusini.

Inabaki sehemu moja, ambayo wote waliidhania rahisi. Hamdani anapaa tena, na Diane anashika redio. "Sasa nenda unakotaka. Popote ndani ya maboya."

Kidege kinasimama. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Ufukweni tunaangaliana. Kimeharibika? Mtu anaumwa?

"Kaka Hamdani, unakwenda wapi?" anauliza Diane.

Sauti inatoka redioni, ya upole mno. "Niambie we, madame."

"Mimi sikuambii. Chagua mwenyewe."

"Bon. Lakini niende wapi?"

Anabaki hapo hapo hadi betri inalia, kisha anashuka wima mahali alipokuwa. Sehemu hiyo amefeli.

Diane anakuna kichwa. Fundi cherehani, anasema, alizunguka kwa furaha hadi wakamwita kwa nguvu ashuke. Katika mafunzo yake ya ualimu, Diane hakuwahi kufundishwa la kufanya na mtu anayejua kuruka ila hana pa kwenda.

Ninamkuta Hamdani amekaa mchangani, macho mekundu. Anasema yote kwa mpigo.

"Nilikuwa nangoja mutu aseme. Miaka yote kuko mutu nyuma yangu: nipeleke soko, nipeleke hopitali, nipeleke mupaka. Njia zote za Gisenyi nazijua. Kule juu nikaona milima, nikaona ziwa, nikaona Goma, yote iko wazi. Nikasikia aibu. Mutu muzima, sijui kwenye nataka kwenda."

Njiani kurudi nilijaribu kujiuliza swali hilo mwenyewe, nikaliacha upesi.

Mtihani wa mwisho ni Jumatatu. Akifaulu, atavua jile lake, kizibao cha motari, na kuwa mwalimu wa kitu asichokielewa bado. Akishindwa, atakimbilia kituoni kabla mwezi haujaisha. Anataka kufaulu, hilo analisema bila kusita, na mpango anao, wa Jumapili.

"Siku ya mungu natoka na pikipiki, bila mukiliya," anasema. "Nikifika kwenye njia zinaachana, sitauliza mutu. Naangalia mukono itageuka wapi. Nafanya vile siku nzima, mpaka nizoee."

Mkewe, Umwali, aliposikia hivyo alifurahi, akaomba aketi nyuma. Tangu waoane hawajawahi kutembea tu, bila shughuli. Hamdani alikataa, na anasema ilimuuma kukataa.

"Namupenda," anasema. "Lakini akikaa nyuma, ataniambia njia."