Nilimpa Bibi Shamba Udongo wa Nyuma ya Jiko

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa langu limekula shamba la mjane. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Rungwe. Miaka yote nimesimama mbele ya watu nikiwakemea wanaoogopa kurogwa. Kumbe mwoga mkubwa ni mimi!

Bibi shamba wetu, binti mgeni aliyeletwa huku na kazi, alituambia mashamba yetu yana uchachu, ndiyo maana maharage yanadumaa. Tuchimbe udongo sehemu mbalimbali za shamba, tuuchanganye kwenye ndoo, tumpelekee kidogo kwenye mfuko wenye jina. Akiupima atajua kila shamba linataka kiasi gani cha chokaa ili kuua uchachu huo.

Udongo wangu, na jina langu juu yake! Tangu utoto tuliambiwa anayechukua udongo ulioukanyaga amekuchukua wewe. Nikajiuliza: jina la nini? Unapelekwa wapi? Nani yuko nyuma ya huyu binti?

Sikumkatalia. Nilichota udongo nyuma ya jiko, tunapomwaga majivu, wanapokanyaga kuku tu. Kama ni kuroga, na waroge kuku!

Baada ya siku chache akaniita. "Mzee, udongo wako mzuri ajabu! Hauna uchachu kabisa. Chokaa ya nini?"

Nikazidi kumshuku. Anausifia nini?

Shamba lile tumegawana na shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu. Katikati ni mstari wa migomba tu. Akaja kuniuliza, "Baba, na mimi nipeleke udongo?"

"Shamba ni moja, limeshapimwa," nikamjibu. "Hatuhitaji chokaa."

Nilidhani namkinga. Naye akaniamini.

Maharage ya jirani aliyetia chokaa yalifunika ardhi. Ya shemeji yalitoka manjano, yakagoma kukua. Chakula cha watoto wanne! Na bado sikutubu, nikamshuku jirani. Ule unga mweupe aliomwaga karibu na mpaka wetu ni wa nini? Ee Mungu, nisamehe!

Siku nilipomkuta shemeji aking'oa mashina matupu, nilimweleza yote. Alinitazama, akacheka kicheko kikavu.

"Kwa hiyo baba, uliogopa kurogwa wewe, ukaniroga mimi."

Ndizi zangu sasa ni za nyumba mbili, na namshukuru Mungu kwamba mama yule bado ananisalimia.

Nilirudi kwa bibi shamba na udongo wa kweli. Jina niliandika mwenyewe. Uchachu umejaa! Kumbe majivu ya jikoni huua uchachu kama chokaa, ndiyo maana ule wa kwanza ulisifiwa. Chokaa itaanzia upande wa shemeji.

Nanyi wenzangu, mkimshuku anayepima, muulizeni usoni. Mkatalieni, hata. Lakini msimpe udongo wa uongo. Kipimo kitausoma vilevile, na atakayelala na njaa huenda asiwe wewe.