Trekta Isiyopata Joto kule Merigi

Niliondoka Ahero kwa sababu ya simu moja. Mzee arap Rono wa Merigi, ambaye nilimuuzia trekta yangu ya buluu, alinipigia akaongea polepole bila hasira, na hiyo ndiyo ilinitisha. "Bwana Okoth, mvua imefika. Majirani wananingoja niwalimie, na trekta yako kila asubuhi inakohoa. Wamesema wakiona ule moshi tena, wanaita trekta ya Longisa. Wewe ulinipa mgonjwa ama? Njoo uisikie mwenyewe."

Sikulala vizuri. Mimi shule niliacha darasa la tatu, mwalimu mwenyewe aliniambia nirudi kwa ng'ombe, na ng'ombe nazo zikanishinda. Nilichobaki nacho ni jina, na jina langu ni la kujua injini.

Saa moja asubuhi nilipanda lori ya mchele, dereva ni mtoto wa dada yangu. Mpaka Awasi tulikuwa tunatoka jasho. Baada ya Kapsoit hewa ikageuka, nikafunga kioo. Halafu majani chai. Nyinyi mlio huku chini, mkiambiwa hamwezi kuamini: kilima kizima kimenyolewa sawasawa kama kichwa cha askari, na nyuma yake kilima kingine, na kingine, mpaka mahali macho yanachoka. Njugu nilizokuwa nakula zilibaki mkononi, nimesahau kutafuna.

Karibu na Litein ikanyesha mvua ya mawe. Barabara ikawa nyeupe! Dereva akasimama, nami nikashuka nikaokota jiwe moja la barafu, nikaliweka mfukoni nimpelekee mke wangu aone. Tulipofika Kapkatet mfuko ulikuwa maji matupu na suruali imelowa vibaya. Dereva akaniuliza kama nimezeeka kiasi hicho. Msicheke.

Jioni nikafika Merigi. Rono alinipokea mlangoni na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kulala yenye rangi ya majivu.

"Chamgei!"

"Chamgei mising," nikajibu. Kikipsigis changu kinaishia hapo.

"Na koti iko wapi? Ulidhani huku ni kwa mbu?"

Alicheka, lakini trekta hakuitaja mpaka tukamaliza kula. Kisha akasema, "Kesho asubuhi majirani watakuja kuangalia. Nimewaomba siku mbili tu."

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya boma, na mdomo wangu mwenyewe unatoa moshi. Nilimkuta Rono ameifunika trekta gunia na kuweka jiko la makaa chini ya injini, kama anayemkanda mgonjwa. Ilipowaka ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, ikatetemeka, nguvu hakuna. Majirani watatu walisimama kwa ua, mikono kwapani. Mmoja akasema, "Hiyo inapika githeri ya mahindi na maharagwe."

Nikavua shati kuonyesha mimi ni fundi, baridi ikaniuma, nikalivaa tena. Nilibadilisha filta ya dizeli, nikatoa upepo kwa paipu za dizeli, nikafungua nozo za kupulizia dizeli moja moja. Saa nne ikafika, moshi ni ule ule.

Hapo ndipo Chebet alikuja, binti ya Rono, mama wa watoto wawili, fundi wa matrekta pale Bomet mjini. Alikuwa amesimama akiniangalia, kwa adabu.

"Mzee, naomba ushike hii paipu ya juu ya rejeta."

Nikashika. "Ni vuguvugu."

"Injini imenguruma muda gani?"

"Karibu saa nzima."

"Na sindano ya kipimo cha joto?"

Nikaangalia. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa. Huko Ahero nilikuwa naipenda ikilala hivyo.

"Hii injini haipati joto," akasema. "Maji yanakimbia kwa rejeta kupoozwa yakiwa bado baridi. Kuna mlango mdogo unaoyafungia mpaka yapate moto, themostati. Hapa hakuna. Nani aliutoa?"

Rono akaniangalia. Ndugu zangu, ningeweza kumsingizia Odera, fundi tuliyefanya kazi naye. Alishakufa, hawezi kujibu. Jina lake lilifika mpaka kwa ulimi.

"Ni mimi," nikasema. "Ilikuwa inachemka huko kwetu, nikautoa."

"Ndiyo maana ulinisifia," Rono akasema. "Uliniambia, hii haichemki hata siku moja." Jirani mmoja akacheka mpaka akashika ua. Rono hakucheka.

Saa tisa Chebet alirudi kutoka Bomet na mpya, kakitu ka kutoshea kiganjani. Hakuifunga kwa injini kwanza. Aliiweka ndani ya sufuria ya maji, jikoni kwa mama yake, akaniita. Maji yalipoanza kuimba, ile chuma ikafunguka yenyewe, polepole, kama jicho la mtoto anayeamka. Akaitoa, ikapoa, ikajifunga. Miaka yangu yote na injini, sikuwahi kuona! Nilimwomba arudie. Alirudia mara tatu, mama yake akingojea sufuria ya chai.

Jioni akaifunga kwa injini. Asubuhi ya pili trekta ilikohoa kidogo, moshi kidogo. Majirani wakaangaliana. Baada ya dakika chache sindano ikaanza kupanda, mlio ukatulia, moshi ukaisha. Rono akaingia shamba la yule wa githeri, na udongo mweusi ukageuka nyuma yake ukitoa mvuke. Alipozunguka mara ya kwanza aliinua mkono. Mimi nilisema asante kwa Mungu.

Nimerudi Ahero. Ile themostati ya zamani ilikuwa bado inaning'inia kwa msumari stoo. Nikaitia kwa sufuria ya mke wangu. Ikafunguka. Ilikuwa nzima siku zote. Nikakumbuka rejeta ndiyo ilikuwa imejaa makapi ya mchele, na mimi sikuiosha. Nilifukuza asiye na makosa.

Nimempigia Rono nikamwambia hilo pia.

"Iweke," akasema, "itakuwa spea. Lakini usimpe dereva. Uilete mwenyewe, na koti."