Siku Kumi za Rodell Pettway

Mdogo wangu Rodell hakuchaguliwa. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo anavyojitambulisha, kwa makocha wapya, kwa wenye nyumba, na siku moja, nikiwa nimekaa pale pale, kwa daktari wa meno. "Naitwa Rodell Pettway, sikuchaguliwa." Utadhani ni jina la ukoo.

Jioni ile ya uteuzi tulijaa sebuleni kwa Mama hapa Saginaw, watu ishirini na wanne juu ya viti vya kuazima kanisani. Kulikuwa na kambare wa kukaanga, makaroni ya jibini, na keki iliyoandikwa HONGERA kwa sukari ya bluu. Timu za ligi kuu ya mpira wa kikapu huchagua wachezaji wapya sitini kwa mwaka, basi, na majina husomwa moja moja kwenye televisheni. Binamu yetu Cleotha alikuwa anayahesabu kwa sauti, thelathini na tisa, arobaini, mpaka nikamwambia akihesabu tena nitammwagia soda kichwani. Jina la sitini likawa la kijana wa Slovenia ambaye hata ukumbini hakufika. Rodell akainuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo. Vyombo vya watu ishirini na wanne! Nikamfuata.

"Dada," akaniambia, mikono imezama kwenye povu, "mimi nataka pointi moja tu."

"Pointi ya nini?"

"Ya ligi kuu. Moja. Hata ya mpira wa adhabu. Jina langu liandikwe kwenye vitabu vyao na mbele yake pasiwe na sifuri. Baada ya hapo niiteni nyumbani, nitaendesha basi la shule kama wewe."

"Basi langu lina dereva tayari," nikamwambia. "Suuza hizo sahani vizuri."

Nilikuwa namtania, lakini moyo uliniuma. Nilijua hasemi kwa kupoza machungu. Rodell tangu mdogo akisema kitu amekisema.

Basi ikaanza safari ambayo mimi mwenyewe kuisimulia tu nachoka. Kwanza ligi ndogo, ile ambayo timu kubwa hufugia watu wao wa akiba: mji mmoja wa Dakota Kaskazini ambako ukitoka kuoga na nywele zako mbichi zinaganda kabla hujafika garini. Halafu Poland. Halafu Ufilipino, ambako timu inaruhusiwa mgeni mmoja tu, na timu ikifungwa mechi mbili mfululizo mgeni ndiye mchawi, anakatiwa tiketi. Halafu Dakota tena. Halafu Poland tena, timu nyingine. Miaka saba hiyo. Katika miaka saba sijaona shati lake hata moja limetundikwa kabatini. Alikuwa anaishi ndani ya sanduku, anachomoa soksi, anarudisha soksi. Akija kwa Mama Krismasi haketi. Anazunguka meza na sahani mkononi, anakula amesimama.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," Mama anamwambia.

"Nimekaa, Mama," anajibu, naye yuko dirishani.

Na kilichokuwa kinanipandisha hasira hasa ni Januari. Sikiliza. Kila mwaka, ikifika wiki ya kwanza ya Januari, timu za ligi kuu zinaruhusiwa kuchukua mtu kwa mkataba wa siku kumi. Siku kumi tu, kuziba pengo la majeruhi. Na wanamchukua wapi? Ligi ndogo, kwa sababu yuko karibu. Kwa hiyo Rodell, hata kama mambo yamemnyookea huko aliko, Desemba ikiisha anavunja mkataba na kurudi Dakota kukaa mkao wa kula. Yule kocha wa Poland alimsihi. Alikuwa anaanza kila mechi, watu wa mji wanamjua kwa jina, mama mmoja muuza mikate anamwekea mkate wake kila asubuhi. Akaondoka. Mchumba wake, Shondra, binti mtaratibu ambaye mimi nilishamwita wifi, alivumilia Januari tatu. Ya nne akamwambia, "Rodell, mimi siwezi kuolewa na simu." Maana simu ile alikuwa anaingia nayo mpaka bafuni.

"Umemwacha Shondra kwa ajili ya pointi moja?" nilimuuliza. Nilikuwa nimefura.

"Sijamwacha. Ameniacha yeye."

"Wee! Usinichezee akili."

Akaitazama ile simu yake. Halafu akasema taratibu, "Dada, nikiacha sasa, hii miaka yote nilikuwa nafanya nini?"

Alipofika miaka ishirini na tisa, Januari, siku ya Jumanne, nimeegesha basi nje ya shule nasubiri kengele, simu ikalia.

"Dada. Wameniita."

"Nani wamekuita?"

"Wameniita, dada. Siku kumi. Naelekea uwanja wa ndege."

Nilipiga honi ya basi, jamani. Nilipiga mpaka mwalimu mkuu akatoka nje. Nikamwambia aniandike kosa popote anapotaka kuniandika.

Timu yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na majeruhi watatu na mechi nne ndani ya siku zile kumi. Mechi ya kwanza alikaa benchi. Ya pili benchi. Ya tatu benchi, amekunja taulo shingoni, anapiga makofi kuliko mtu yeyote. Mama akawa anabishana na televisheni.

"Huyu kocha ana macho kweli? Si yule pale wa tatu kutoka mwisho? Mwingize!"

Mechi ya nne ilikuwa siku ya tisa, nyumbani kwa timu hiyo, mwendo wa saa tano kutoka kwetu. Tukachukua gari la kanisa, watu kumi na mmoja, Cleotha na chupa zake za soda, Mama na kofia yake ya Pasaka. Rodell alitupatia viti nyuma ya ule upande ambao timu yake ingekuwa inaulinda robo ya nne. Njia nzima nilikuwa na roho juu. Kesho mkataba unaisha. Kama si leo, basi.

Mungu si Athumani: wapinzani walikuwa wabovu siku hiyo. Robo ya nne timu yetu inaongoza kwa pointi ishirini na sita, watu wameanza kuvaa makoti. Zimebaki dakika mbili na sekunde arobaini, kocha akanyoosha kidole mwisho wa benchi. Mama akanishika mkono. Alama za kucha zake nilikaa nazo wiki nzima.

Rodell akavua ile suti ya mazoezi kwa pupa mpaka ikamnasa kwenye kiatu. Cleotha akaangua kicheko, mimi nikampiga kibao cha bega. Mpira wa kwanza akapewa pembeni, akarusha kutoka mbali. Ukaingia nusu, ukazunguka chuma, ukatoka. Sisi kumi na mmoja tukatoa sauti moja ya kuugua. Mara ya pili alikuwa na nafasi finyu, akampasia mwenzake aliye huru zaidi, mwenzake akafunga. Ndivyo alivyo. Nilitamani kumzaba kibao na yeye.

Zikabaki sekunde kumi na tisa. Mpinzani akakosa, mpira ukadunda chuma, na Rodell akaudaka chini ya kikapu, upande wetu.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo kila aliyewahi kucheza mchezo huu analijua, hata watoto wa uwanja wa nyuma ya kanisa. Ukiwa unaongoza kwa pointi nyingi, na sekunde zilizobaki ni chache kuliko zile ishirini na nne unazoruhusiwa kukaa na mpira, hurushi. Unadundisha mpira mahali ulipo mpaka king'ora kilie. Wapinzani wameshaacha kukukaba, wamechomoa jezi zao kwenye kaptura, wengine wanapeana mikono. Ukienda kufunga hapo umemtemea mate mtu aliyekwisha kuanguka. Haijaandikwa popote, wala refa hapulizi filimbi. Ni mwiko tu.

Mimi nilikuwa naujua mwiko huo. Nimecheza shule miaka minne. Sina kisingizio.

Rodell akaudundisha mpira taratibu mpaka katikati ya uwanja, akasimama. Mgongo wake ndio tuliokuwa tunauona. Mbele yake kikapu kitupu, hakuna mtu. Sekunde kumi. Akasimama tu, anadundisha, anadundisha. Nikaona anafanya lililo sawa, na nikaona miaka saba inaishia kwenye sifuri, na kitu kikanilipuka kifuani.

"Piga, Rodell! Nenda! Piga!"

Sauti yangu ni ya basi la shule. Naweza kunyamazisha watoto hamsini na wawili bila kipaza sauti. Na ukumbi ulikuwa umepoa, watu wanatoka.

Aligeuza kichwa. Akatazama pale tulipokaa, juu ya bega lake. Halafu akageuka, akaenda.

Hakuruka kwa mbwembwe. Aliuweka mpira kwenye ubao taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, na ukaingia. King'ora kikalia.

Mama alikuwa analia na kuruka na kofia imemwangukia jicho. "Mbili! Aliomba moja, Mungu kampa mbili!" Cleotha alimwaga soda. Mimi pia niliruka, nisiseme uongo. Nilikuwa nimepagawa kwa furaha. Ndipo nikasikia watu wakizomea. Si wapinzani, ni mashabiki wa nyumbani, waliobaki. Mchezaji mmoja wa upande wa pili, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, alikuwa amemfuata Rodell mpaka uso kwa uso, na refa ameingia kati. Wachezaji wenzake Rodell wakaingia ndani bila kumgusa mkono. Kocha akapita kama haoni mtu pale. Na Rodell alikuwa amesimama chini ya kikapu, uso umemshuka. Sijawahi kumwona hivyo, hata jioni ya vyombo.

Alitutokea kwenye korido baada ya muda mrefu. Alikuwa amekwenda mlangoni kwa wapinzani kuomba radhi.

"Wamekwambia nini?" nikamuuliza.

"Yule mwenye ndevu ameniambia, 'Kwa umri wako, ulikuwa unajua.'" Akamkumbatia Mama. "Umefurahi, Mama?"

"Sana, mwanangu! Sana!"

"Basi."

Kesho yake asubuhi wakala wake akapiga simu. Tulikuwa hotelini tunakunywa chai, na Rodell akaweka simu mezani ili sote tusikie. Nadhani hakujua kinachokuja. Wakala akasema karatasi za siku kumi nyingine zilikuwa tayari. Zilikuwa tayari tangu juzi, kocha alikuwa amezipenda pasi zake na utulivu wake benchini. Sasa wamezichana. Wanataka mtu anayejua adabu ya kazi. Na ile picha ya tukio imezagaa, watangazaji wanaichekea tangu alfajiri, timu nyingine mbili zilizokuwa zimeuliza zimekaa kimya.

"Nenda mbali kidogo," wakala akasema. "Wasahau. Nina nafasi Mongolia."

"Mongolia wanaanza lini?" Rodell akauliza.

Mama akashika chai yake bila kuinywa. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye gari la kanisa peke yangu. Nilijiona mchawi. Siku kumi nyingine! Mechi tano, pengine sita, na kocha anayempenda. Angefunga. Angefunga pointi zake kwa halali, wakati watu wanakaba, na mikono angepewa.

Alilala Saginaw siku mbili. Sanduku halikuhitaji kufungwa, halikuwahi kufunguliwa. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, na kabla ya kuondoka, akiwa ameinama ukumbini kwa Mama anafunga kamba za raba, sikuweza tena. Nilikuwa sijalala vizuri, sijala vizuri, nilikuwa nagombana na kila dereva njiani.

"Rodell. Ulinisikia?"

"Kukusikia wapi?"

"Kule. Mimi ndiye niliyesema upige. Nilipiga kelele kama kichaa."

Akacheka. Mdogo wangu ana kicheko kizuri, cha kifuani. "Dada, we una vituko. Ukumbi wa watu elfu kumi na nane! Ningekusikiaje?"

"Uligeuka. Nilikuona unageuka."

"Niligeuka kutazama saa, nione zimebaki ngapi." Akavuta kamba, akafunga fundo, akainuka. "Ilikuwa akili yangu mwenyewe. Usijibebeshe. Twende, nitachelewa."

Saa ya uwanjani hukaa juu ya kikapu. Ilikuwa mbele yake, kubwa, nyekundu, na sisi tulikuwa nyuma. Anajua hivyo tangu ana miaka sita, na mimi najua, na anajua kwamba najua.

"Haya," nikamwambia. "Nilidhani ulinisikia." Nikabeba sanduku lake mpaka garini.